Jumapili Aliyofungua Mdomo Kanali

Mume wangu hawezi kuniambia amenunua wapi nyanya. Anarudi na mfuko, namwambia, "Baba Gonca, hizi nzuri, umezitoa soko gani?" Naye anasimama mlangoni na viatu mkononi, anafikiri, halafu anajibu, "Huku chini." Sisi tunakaa Dikmen, mlimani. Ankara nzima iko huku chini.

Ndivyo jeshi lilivyomtengeneza. Vecdi alikuwa ofisa wa vita maalumu, wale wanaopelekwa kufanya kazi ambazo baadaye hakuna mkubwa anayekubali kuwa aliwatuma. Niliolewa naye akiwa luteni. Alikuwa anaruka na mwavuli, anapanda milima kama mbuzi, na alijifunza Kikurdi mpaka wazee wa vijiji vya mashariki wakamuuliza babake ni wa ukoo gani. Vyeo vilimjia haraka. Kapteni, meja, kanali. Wake za maofisa wenzake walianza kunipisha niingie lifti kwanza, maana kila mtu alijua huyu atafika jenerali.

Mimi nilisomea diploma ya maabara ya hospitali. Nimezoea vitu vyenye jibu: damu ina sukari au haina. Niliolewa na mtu asiye na jibu hata la nyanya, nikavumilia, nikamlea binti yetu nusu ya wakati peke yangu, na sikulalamika zaidi ya inavyotakiwa.

Kisha ikaja ile picha. Gazeti liliiweka ukurasa wa mbele. Vecdi amekaa kwenye kiti, amevaa suti, amempakata mvulana aliyevalishwa joho jeupe na kofia ya manyoya, siku ya tohara yake. Nyuma yao, mkono juu ya bega la mume wangu, amesimama Şeyhmus, baba wa mtoto, mkuu wa wanamgambo wanaolipwa na serikali kulinda vijiji vya mashariki. Wiki ile Şeyhmus alikuwa akitafutwa na polisi kwa magendo ya heroini na kwa kupotea kwa dereva mmoja wa lori aitwaye Bedir. Juu ya picha waliandika: KANALI NA BWANA MAGENDO.

Yalisemwa kila aina ya mambo. Kwamba Vecdi ndiye aliyetoa amri. Kwamba wanagawana faida. Kwamba dereva alitupwa kutoka kwenye helikopta. Mahakama ilimwita, akasimama na medali zake akasema, "Sikuona kitu." Şeyhmus aliachiwa. Jeshi halikumfukuza Vecdi wala halikumtetea. Agosti ikafika, orodha ya vyeo ikatoka, jina lake halimo. Agosti iliyofuata halimo tena. Akastaafu kanali. Kwenye klabu ya maofisa wale wale walionipisha kwenye lifti walianza kuweka mikoba yao juu ya viti vitupu ili nisikae.

Nilimuuliza, "Vecdi, ulifanya?"

"Perihan, kuna mambo siwezi."

Basi. Nilimuuliza jikoni, nikamuuliza kwenye gari, nikamuuliza akiwa na homa ya nyuzi arobaini nikidhani atapayuka. Siwezi. Nikajiambia ni kiapo, ni siri ya serikali, mwanamke mwenye akili haolewi na askari kisha akashangaa kuna siri. Nikaendelea kupika.

Lakini mtandao hausahau. Gonca wetu ni daktari wa mifugo, ana mikono mizuri na mdomo mkali kama wangu. Mchumba wake wa kwanza alikuwa kijana wa benki. Familia yake ilitafuta jina la Vecdi kwenye kompyuta, wakakutana na picha, simu ikaacha kuita. Gonca hakulia mbele yangu. Alifanya usafi wa jiko lote, hata nyuma ya friji, nami nikajua.

Kwa hiyo aliposema, akiwa amesimama anakula jibini kwenye karatasi, "Jumapili wanakuja kuniposa," mimi niliweka kisu chini.

"Nani wanakuja?"

"Onat. Na babake, na shangazi yake. Mama yake alishafariki."

Onat ni mhandisi wa lifti. Walijuana pale lifti ya kliniki yake ilipokwama na mbwa mkubwa ndani. Namjua, namkubali, anavua viatu bila kuambiwa.

"Wameona picha?"

"Onat ameiona. Amesema atanioa mimi, si gazeti."

"Na babake?"

Gonca akatafuna. "Babake anauza vigae. Anasema ana hamu sana ya kukutana na baba."

Hamu. Nilijua hamu ya namna hiyo. Mtu anataka kuangalia uso wa muuaji kabla hajasema hapana.

Nilimkalisha Vecdi kwenye meza ya jikoni kama mtoto anayefundishwa kuvuka barabara.

"Jumapili una maneno matatu. Karibuni. Kunyweni kahawa. Nimekubali. Neno la nne likikutoka, utalala kwenye balkoni."

"Sijawahi kusema neno la nne."

"Na wakikuuliza kuhusu ile habari, mimi ndiye nitajibu. Nitasema mahakama ilimaliza. Wewe angalia zulia."

"Sawa."

"Hata usiseme sawa. Angalia zulia."

Akaangalia zulia. Karibu nipate raha. Mara moja maishani tabia yake ingenifaa.

Jumapili saa tisa walifika, na maua na chokoleti kwenye sahani ya fedha kama inavyopasa. Shangazi, Bi Mübeccel, mwembamba, amevaa shali ya kijivu, alipita akigusa pazia kwa vidole kuona ni zito kiasi gani. Onat alikuwa amenyoa mpaka amejikata. Na baba, Bwana Feridun, masharubu makubwa, tumbo limetangulia, alisimama mlangoni akamtazama mume wangu, akagonga visigino pamoja.

"Kanali wangu!" akasema, akamkumbatia.

Vecdi alitazama zulia juu ya bega lake.

Nikaelewa nimekosea hesabu. Huyu hakuja kumchunguza muuaji. Alikuja kumshangilia. Nikasema moyoni, sawa, hata hii inafaa. Mradi binti yangu avishwe pete, mkwe wake na aamini hata kwamba baba yangu mzazi alikuwa joka.

Tukakaa. Gonca akaleta kahawa. Kwa desturi yetu msichana humtilia mchumba chumvi badala ya sukari, aone kama ana uvumilivu. Gonca hajui kufanya kitu nusu. Onat alikunywa kikombe chote, machozi yakamtoka, akasema, "Tamu."

"Muongo," akasema shangazi yake. "Lakini muongo mwenye adabu."

Tulicheka. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri kabisa. Ilibaki Bi Mübeccel, ndiye mkubwa wao, aseme yale maneno, kwamba kwa amri ya Mwenyezi Mungu na kauli ya Mtume wamekuja kumwomba binti yetu, na Vecdi atumie neno lake la tatu. Alikuwa ameshaweka kikombe chini na kujiweka sawa.

Lakini Bwana Feridun hakuweza kujizuia.

"Kabla hatujasema," akasema, "nataka kanali wangu ajue kitu. Ile picha mimi niliikata gazetini. Naam! Ipo dukani, nyuma ya mlango. Watu walikutukana, mimi nikawaambia, huyu ndiye mwanaume. Nchi hailindwi na watu wa kunawa mikono kila saa."

"Bwana Feridun, ongeza kahawa," nikasema.

"Asante, Bi Perihan. Yule dereva nasema alistahili. Wewe ulimaliza kazi, wenzako wakakugeuka, ukafunga mdomo. Usijibu! Usijibu, kanali wangu, najua huwezi." Akamkonyeza. "Nataka tu kukushukuru, kama baba wa mvulana."

Angalia alivyorahisisha. Alimpa mume wangu ruhusa ya kunyamaza. Kilichotakiwa ni kuitikia kwa kichwa, hata kidogo tu. Vecdi, mtu aliyefundishwa kunyamaza na serikali kwa gharama kubwa, aliyenyamaza mbele ya mahakama, mbele ya majenerali, mbele yangu mimi mkewe, aliinua macho kutoka kwenye zulia.

"Alikuwa na jina," akasema. "Bedir."

Nikamkanyaga mguu chini ya meza.

"Mimi sikumuua, Bwana Feridun. Usinishukuru."

Nikamkanyaga kwa kisigino. Ni kama kukanyaga gogo.

"Najua, najua," akasema Bwana Feridun akicheka, "ndivyo mnavyosema."

"Nisikilize." Sauti yake haikupanda. "Mkubwa wangu alituambia tuingie kwenye nyumba za watu kwa mlango, si kwa dirisha. Alisema, mkipata nafasi, kuweni kirve."

Onat alikuwa hajui. Yeye ni mtoto wa Ankara. "Kirve ni nini, baba?"

"Ni yule anayempakata mtoto anapotahiriwa," Vecdi akamjibu. "Damu ya mtoto ikidondoka mapajani mwako, wewe ni ndugu wa nyumba ile mpaka kufa. Watoto wenu hawaoani, wamekuwa kaka na dada. Kirve wako akigonga, unafungua. Husimami mahali popote dhidi ya nyumba yake. Huko mashariki hakuna undugu unaoupita huo. Mkubwa wangu aliuona ni mbinu. Şeyhmus akaniomba nimpakate Berzan, mwanawe. Nikakubali. Niliandika kwenye ripoti kuwa kazi imekwenda vizuri."

"Vecdi," nikasema, "inatosha."

"Kulikuwa na meza uani. Bedir alikuwa amekaa meza ya karibu, anakula wali. Sijui alikosana nini na Şeyhmus, mzigo au kauli. Mtoto ndiyo kwanza amekatwa, analia, amenishika kola kwa mikono miwili. Wanaume wawili wakaja nyuma ya Bedir. Mmoja akamtazama Şeyhmus. Şeyhmus akafanya hivi." Akainua kidevu, kidogo tu, kama mtu anayeonyesha mlango. "Bedir akainuka. Alikuwa ameshaelewa. Akanitazama. Pale uani mtu mwenye bastola na cheo, ambaye angesema simameni wakasimama, alikuwa mimi. Nilikuwa nimempakata mtoto wa mwenye nyumba. Sikuinuka."

Gonca alichukua sinia ya vikombe, Vecdi akaendelea.

"Mahakamani waliniuliza uliona nini. Nikasema sikuona kitu. Watu wakafikiri ni siri ya jeshi. Jeshi lenyewe likafikiri ni siri ya idara nyingine, likaogopa kuniuliza. Ilikuwa kwa sababu ya mtoto. Nilikuwa kirve."

Sikumbuki kuamua kusimama. Nilikuwa nimesimama. "Kirve!" nikasema. "Mikoba kwenye viti, orodha za Agosti, mchumba wa Gonca, mimi nilivumilia yote nikidhani ni siri ya serikali, kumbe ni siri ya tohara?"

"Mama," akasema Gonca.

"Usinimamie! Nimemwomba aseme maisha yangu yote, amechagua leo!"

Bwana Feridun alikuwa amebadilika rangi. Hakuwa na hasira bado. Alikuwa na huzuni, kama mtu aliyenunua saa ya dhahabu akagundua ni shaba.

"Kwa hiyo hukumuua," akasema.

"Nilimtazama akienda."

"Basi wewe ulikuwa..." Akaviangalia viatu vyake mlangoni. "Mtu haleti maiti kwenye posa. Hata kama ni kweli. Kuna siku ya kusema na kuna siku ya kunywa kahawa."

Hapo nilikubaliana naye kabisa, na nikajichukia kwa kukubaliana naye.

"Umeileta wewe, Bwana Feridun," akasema Gonca. Alikuwa bado na sinia mkononi. "Baba amempa jina tu." Kisha akamgeukia babake, kwa sauti ile aliyokuwa nayo akiwa na miaka mitano, kabla ya kudungwa sindano. "Mama yake huyo Bedir yuko hai?"

"Yuko. Anakaa Mersin."

"Umejuaje?"

"Najua."

"Umejua muda wote huo anapokaa?"

Vecdi akarudisha macho kwenye zulia. Mara hii nilimwelewa.

"Onat," akasema Gonca, "nakupenda, na kahawa ile nilitia vijiko vitatu, nisamehe. Lakini leo siozwi. Siwezi kuozwa na mtu ambaye yule mama anamsubiri aseme. Baba, nenda kwanza kaseme. Onat, akirudi, ndiyo mje mniombe."

Bwana Feridun alikwisha kuvaa kiatu kimoja. "Onat, twende. Sisi hatuombi mara mbili."

Onat alimtazama Gonca, akamtazama babake, akaenda. Akiwa katikati ya ngazi nikamsikia anasema kwa nguvu, nadhani makusudi tusikie, "Mimi nitaomba hata mara kumi." Bi Mübeccel ndiye aliyetoka mwisho. Aliligusa tena pazia langu.

"Zito," akasema. "Zuri." Akaondoka.

Nilimsema Vecdi kuanzia hapo mpaka Jumanne. Nilimsema nikifua, nikamsema nikifua tena vilivyokuwa safi. Hakujitetea, na hilo liliniudhi zaidi, maana mtu asiyejitetea anakufanya ujisikie wewe ndiye mbaya. Jumanne asubuhi akaja jikoni amevaa koti.

"Lazima nimpigie kwanza," akasema.

"Nani?"

"Kirve. Siwezi kwenda nyuma ya mgongo wake."

"Mungu wangu. Hata sasa?"

"Sasa ndiyo hasa."

"Basi weka spika. Safari hii na mimi nisikie."

Şeyhmus sasa ni mzee mwenye vituo vya mafuta. Sauti yake ilijaa furaha. "Kirve wangu! Sauti yako imekonda, hawakulishi huko Ankara?"

"Şeyhmus, nakwenda kwa mwendesha mashtaka. Nitasema nilichokiona uani kwako."

Nilisikia mashine fulani ikifanya kazi upande wake, pampu labda.

"Uliona nini uani kwangu?"

"Kidevu chako."

Mzee akavuta pumzi. Nilitegemea vitisho, nilikuwa nimeshashika meza. Hakutisha. "Mwanangu ulimpakata," akasema. "Berzan amepata mtoto wa kiume mwaka jana. Unajua amemwita nani? Vecdi. Nitamwambia ambadilishe jina." Akakata.

Vecdi akabaki ameshika simu. Sijawahi kumwona akilia na wala siku hiyo hakulia, lakini alikaa kwenye kigoda ambacho ni cha kuwekea kapu la vitunguu, akakalia vitunguu, na hakujua. Nikamtoa pale kwa mkono.

"Twende," nikasema. "Mimi naendesha. Wewe ukishika usukani leo utatupeleka Bulgaria."

Tulikwenda tukibishana njia nzima, kupita ziwa la chumvi, kupita Aksaray, mpaka milima ya Toros. Tulibishana juu ya dirisha, juu ya gia, juu ya kama tungesimama kula. Ilikuwa afadhali kuliko kuongea.

Bi Hezal anakaa ghorofa ya juu kabisa kwenye mtaa wa watu waliohamia Mersin vijiji vyao vilipokwisha kwa vita. Tulimkuta kwenye paa, kati ya kamba za nguo, amekaa kwenye kiti cha plastiki anatoboa biringanya za kukausha. Mwanamke mdogo wa umbo, kitambaa cheupe, vidole vyeusi kwa maji ya biringanya. Vecdi alimsalimu kwa Kikurdi, akasimama wima kama anatoa ripoti, akasema. Sikuelewa neno, isipokuwa majina. Lakini aliinua kidevu mahali pale pale, kwa hiyo nilijua alipofika.

Mama yule hakuacha kutoboa. Alipomaliza kusikia akanigeukia mimi, akasema kwa Kituruki, "Wewe ni mkewe?"

"Ndiyo, mama."

"Ulijua?"

"Jumapili ndiyo nimejua."

"Basi kaa. Wewe utakunywa chai." Akamwita msichana alete, glasi moja. Glasi moja tu. Nimeishi Uturuki maisha yangu yote, na sijawahi kuona mgeni anaachwa amesimama bila chai. Niliona aibu ya kuishika, na niliona ni haki.

"Mimi nilijua," akasema Bi Hezal, sasa kwa Kituruki, nafikiri ili na mimi nisikie. "Uani palikuwa pamejaa watu, kanali. Mpiga zumari aliona. Mpishi aliona. Wote walikuja kuniambia wiki ile ile. Unadhani umeniletea habari?"

"Hapana, mama."

"Nilitembea na watu hao kwenda mahakamani. Wakili wa Şeyhmus akasema, hawa ni wachungaji, wananuka ng'ombe, hawajui kusoma. Hakimu akasema, je, yuko ofisa aliyekuwepo? Yuko. Ofisa akasema hakuona kitu." Akaweka biringanya kwenye uzi. "Nilihitaji mtu mmoja asiyenuka ng'ombe. Ulikuwa wewe. Sasa umekuja hapa kwenye paa langu kutua mzigo. Mimi sina pa kuuweka. Nenda kautue kule ulikouchukua."

"Nakwenda kesho asubuhi."

"Nenda leo. Kesho utapata sababu."

Hilo lilinifurahisha, samahani. Angekuwa jirani yangu tungeelewana sana.

Alikwenda siku ile ile. Nilimwacha mlangoni mwa ofisi ya mwendesha mashtaka, nikakaa kwenye gari mpaka jua likageuka upande wa pili. Alipotoka alikuwa amelegeza tai. Alisema walimfanya arudie mara tatu, kijana mwenye kuandika akamuuliza kama ana uhakika, maana kauli hii inamtia na yeye hatiani kwa ushahidi wa uongo wa zamani. Alijibu ana uhakika. Nikawasha gari. Sikumsema. Hiyo ni mara ya kwanza.

Magazeti yalirudi, na picha ile ile, kana kwamba Vecdi hana nyingine. Simu mbili tatu za wenzake wa jeshi zilizokuwa bado zinaita, nazo zikaacha. Mmoja alimtumia neno moja tu, msaliti, na mume wangu alilisoma akaendelea kumenya chungwa. Kesi imefunguliwa upya. Wakili anasema itachukua muda na huenda Şeyhmus akafa kabla ya hukumu, na huenda Vecdi akafungwa kidogo au asifungwe. Mimi nataka tarehe. Hakuna anayenipa tarehe.

Jumapili moja ya Oktoba kengele ikalia. Onat, amejikata tena. Bi Mübeccel na shali yake.

"Na Bwana Feridun?" nikauliza.

"Yuko kwenye gari," akasema Bi Mübeccel. "Amesema amekuja kama dereva tu, hapandi. Ameitoa picha nyuma ya mlango wa duka, na sasa pamebaki alama nyeupe, inamuudhi."

"Tumngoje?"

"Petroli ni yake, akae." Alikaa, akaweka mikono mapajani. Hakungoja kahawa. "Kwa amri ya Mwenyezi Mungu na kauli ya Mtume, tumekuja kumwomba binti yenu Gonca kwa kijana wetu Onat."

Vecdi alikuwa amenyooka kama fimbo. "Bi Mübeccel, lazima mjue. Naweza kuwa gerezani siku ya harusi."

"Baba Gonca!" nikapiga kelele.

"Tutakuwekea wali," akasema Bi Mübeccel. "Umekubali au hukukubali?"

Akamtazama Gonca, si mimi. Gonca alikuwa ameegemea mlango, mikono nyuma. Akaitikia kwa kichwa mara moja, kwa nguvu.

"Nimekubali," akasema Vecdi.

Wakavishwa pete, utepe mwekundu unaoziunganisha ukakatwa na shangazi kwa mkasi wangu wa jikoni kwa kuwa wa sherehe hakuna aliyekumbuka kuuleta. Onat alilia, Gonca akamcheka. Nilikwenda balkoni kuchungulia. Gari lilikuwa pale chini, injini imezimwa, na Bwana Feridun ametoka nje, ameegemea mlango wake, anatazama madirisha yetu na kuhesabu ghorofa ni ipi. Nikamwambia Onat ampelekee babake sahani ya keki kabla haijakauka, na amwambie aje ndani, ila lifti yetu imeharibika, apande kwa ngazi.